Barua ya wazi kwa wanaochora ramani ya Nairobi: msitutenge na majirani zetu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nairobi, kwa waheshimiwa wawakilishi wa wadi, na kwa maafisa wa mipango ya jiji popote mnapoketi,

Natumai hamjambo. Mimi ni fundi. Kibanda changu kiko ghorofa ya pili ya jengo moja mtaa wa Luthuli. Upana wake futi 4, kina chake futi 6, na humo ndani tunaketi wawili: mimi na dada anayeuza kava za simu. Akitaka kutoka, lazima mimi niinuke kwanza. Nilianza kwa kubadilisha vioo vya simu, nikaingia kwenye mashine za kutoa risiti, na siku hizi kazi yangu kubwa ni bodi za ATM za maziwa, zile mashine za mtaani ambako mtoto anatumwa na chupa na shilingi 20, na anarudi na maziwa ya shilingi 20.

Naandika kwa sababu ya mwaka 2030. Mpango mkuu wa jiji uliotayarishwa mwaka 2014 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, unafikia kikomo mwaka huo. Kabla ya hapo wataalamu wataketi kuchora mwingine, na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limewapa ninyi wa kaunti kazi hiyo ya kupanga, pamoja na leseni za biashara. Nikiiwazia meza yenyewe, naona kalamu za rangi. Samawati kwa benki na bima. Zambarau kwa teknolojia. Kahawia kwa mafundi wa jua kali, mbali kidogo tafadhali. Halafu mkono unafika kwetu, kati ya Moi Avenue na Mto Nairobi, ambako jengo moja lina mshona suti, wakala wa kutoa mizigo bandarini, duka la spika, kinyozi, ofisi ya vifurushi vya mabasi na mtu wa kutengeneza pampu. Hapo mkono unasita. Mtu anasema "msongamano", na wenzake wanaitikia kwa vichwa.

Nawaombeni mniazime dakika chache kabla ya rangi kukauka.

Mwaka ule barabara yetu ilipopangwa upya, 2019, magari yakabanwa upande mmoja na waenda kwa miguu wakapewa njia pana (na katika hilo nawashukuru waliohusika, biashara ilipumua), mama mmoja kutoka Kayole alipanda ngazi zetu na bodi ya mashine ndani ya mfuko wa mkate.

"Fundi, hii mashine imenigeuza mwizi," akasema.

Wateja walikuwa wanalalamika kwamba anawapunja. Jirani mmoja alikuwa amekuja hadi dukani na chupa ya mtoto ya kunyonyea, yenye alama za mililita ubavuni, akapimia maziwa mbele ya foleni. Yalipungua. Aibu ya siku hiyo, alisema, hakuwahi kuiona tangu aanze biashara.

Nilibadilisha sensa ya mtiririko. Hiyo ni kitu kidogo chenye kijipangaboi ndani: maziwa yakipita kinazunguka, kila mzunguko unatuma alama kwenye bodi, na bodi inahesabu alama hadi zifike za shilingi 20, kisha inazima pampu. Mama akarudi baada ya siku 3. Nikabadilisha tena, nikaipakia programu upya, nikamwambia sasa iko sawa. Akarudi. Nilianza kujificha nikimwona mlangoni, sitawadanganya.

Ghorofa ya tatu kuna mzee tunayemwita Mzee Pampu, ambaye maisha yake yote ametengeneza pampu za vituo vya petroli. Alishuka siku hiyo kuazima lehemu. Akamkuta mama ameketi juu ya ndoo, mimi nimeishika bodi kama mgonjwa.

"Binti," akaniuliza, "inapunja asubuhi au jioni?"

Mimi sikuwa nimeuliza. Mama ndiye alijibu: asubuhi hakuna shida, kelele zote ni za jioni.

"Basi acha kusumbua bodi. Jioni tangi limeisha, pampu inavuta hewa. Hiyo mita yako haijui tofauti ya maziwa na povu, inahesabu tu. Petroli nayo ni vivyo hivyo. Ndiyo maana kila pampu ya kituo ina chumba cha kutenga hewa kabla mafuta hayajafika kwenye mita."

Akachora chumba chenyewe nyuma ya risiti ya chakula: kopo dogo, mrija wa kuingilia juu, wa kutokea chini, na njia ya hewa kurudi kwenye tangi. Akachukua lehemu yake akapanda ngazi. Kwake lile lilikuwa jambo la kawaida, la mwaka wa kwanza kazini. Kwangu zilikuwa wiki 3 za kuumwa kichwa.

Mchoro ulikwenda Kariobangi Light Industries kwa fundi wa chuma cha pua, ukarudi kopo. Mama alipoliona hakusema asante. Aliligeuza akauliza, "Na hili nitaliosha vipi?" Hatukuwa tumefikiri. Maziwa yanayobaki kwenye kona kwa siku moja ni sumu, na sisi tulikuwa tumechomelea kila upande. Kopo likarudi Kariobangi, likawekewa kifuniko cha kufungua kwa mkono bila spana. Wiki hiyohiyo kijana wa Technical University of Kenya, aliyekuwa akija saiba ya chini kuchapisha kazi zake kwa sababu ni rahisi kuliko karibu na chuo, alikaa nami jioni mbili akaandika mistari michache ya programu: alama za sensa zikianza kuja kwa kurukaruka, pampu ijizime na taa nyekundu iwake. Kopo la pili tulilifunga kwenye boksi la mayai, likaenda Nakuru kwa basi. Ofisi ya vifurushi iko mlango wa tano kutoka kwetu.

Nimewasimulia yote hayo kwa urefu kwa sababu nataka mhesabu watu. Mtengeneza bodi, mtengeneza pampu za petroli, mchomeleaji, muuza maziwa, mwanafunzi, mwenye saiba, karani wa vifurushi. Kazi 7. Hakuna hata mmoja aliyekuja mtaa wa Luthuli "kuvumbua". Kila mmoja alikuja kutoa au kutafuta huduma. Kama mngekuwa mmetupanga kwa rangi, Mzee Pampu angekuwa upande wa Industrial Area pamoja na watu wa mafuta, nami ningekuwa kwenye jumba la teknolojia, na lehemu angeazima kwa mtu mwingine.

Wasomi wamelizungumza jambo hili kwa zaidi ya karne. Mwaka 1890 Alfred Marshall, mwanauchumi wa Uingereza, alieleza jinsi watu wa kazi moja wanapokaa pamoja siri za kazi huacha kuwa siri: zinaelea hewani, na watoto wanazidaka bila kufundishwa. Aliongeza kwamba wanaowauzia vifaa nao husogea karibu. Hilo mnaweza kuliona kwa macho kwetu. Kuna duka ambalo nanunua resista moja, kile kipande kidogo cha kupunguza umeme kwenye bodi. Moja, si pakiti. Mwenye duka anaweza kuuza moja kwa sababu sisi mafundi tuliomzunguka ni wengi, kwa hiyo aina ambayo mimi nahitaji mara moja kwa mwezi kuna mwingine aliyeihitaji asubuhi. Na vijana wanahama kibanda hadi kibanda: aliyejifunza kwangu kusoma bodi leo yuko kwa jirani anatengeneza taa za sola, na ujuzi alikwenda nao.

Lakini Marshall alikuwa anaangalia watu wa kazi moja. Mwaka 1969 Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji, alikuja na hoja kwamba kazi mpya huchipuka pale kazi zisizofanana zinapogongana. Na mwaka 1992 Edward Glaeser na wenzake 3 walichunguza viwanda katika miji 170 ya Marekani wakakuta kwamba kazi ilikua haraka zaidi penye mchanganyiko na ushindani kuliko pale mji ulipojifungia kwenye shughuli moja. Niwe mkweli: wao walihesabu ajira, hawakuhesabu uvumbuzi, na ni Marekani, na waliokuja baadaye wamepata majibu tofauti kutegemea mji na kazi. Sisemi utafiti huo umetuandika sisi. Ila nikiusoma namwona Mzee Pampu.

Kuna jambo moja ambalo naona watu wa vitabu wanalipita haraka, nalo ni kwamba mtu wa huduma ndiye anayesikia malalamiko kwanza. Kiwanda kilichotengeneza ile sensa kiko Uchina. Hakitamsikia mama wa Kayole hadi kiama. Mimi namsikia, kwa sababu amekalia ndoo yangu na haondoki. Malalamiko yanaingia jijini kupitia vibanda vya huduma, na teknolojia inaingia kupitia vibanda hivyohivyo kutoka upande wa pili. Vikikaa ukuta mmoja, malalamiko na dawa yake vinakutana kwenye ngazi.

Tukitaka mfano mkubwa, tunao mfukoni. M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007. Majaribio yaliyotangulia, ya 2005, yalilenga wakopaji wa mikopo midogo walipie marejesho kwa simu. Hilo ndilo lililokuwa wazo kwenye karatasi. Watu waliopewa kuijaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, wahusika wakawa na busara ya kutazama, na kilichozinduliwa kikawa huduma ya kutuma pesa. Programu yenyewe ilitoka Uingereza kwa Vodafone, na hadi mwaka 2015 kompyuta kuu zilizoiendesha zilikuwa Ujerumani. Kwa hiyo mashine haikuwa yetu. Kilichokuwa chetu ni duka la dawa linalopakana na steji, mwenye kiosk aliyekubali kuweka pesa taslimu kwenye mkebe, kampuni ya mikopo, na mfanyakazi wa Industrial Area mwenye mke Kakamega. Walikuwa tayari wanaishi pamoja. Baadaye benki ikaingia, na Novemba 2012 ikaja M-Shwari, akiba na mkopo ndani ya simu ileile.

Sasa niwaambie nilivyojaribu maisha ya rangi ya zambarau.

Mwaka 2021 nilishawishika kuhamia jengo moja la wabunifu, mbali na katikati ya jiji. Silitaji, watu wake walinitendea vizuri. Intaneti ilikuwa ya kasi hata sikujua nifanye nayo nini. Chai ilikuwa ya bure. Kulikuwa na viti vya kuzunguka na ubao mweupe wa ukuta mzima, na kila Alhamisi mgeni mwenye miwani alikuja kutuambia kuhusu wawekezaji. Nilikaa miezi 7.

Resista ya shilingi 5 ilinigharimu boda ya shilingi 300 kwenda na 300 kurudi. Fundi mwenzangu wa kumwuliza hakuwepo, kwa kuwa wenzangu wote 20 na kitu walikuwa wanaandika programu za simu, na wengi wao, Mungu anisamehe, walikuwa wanaandika programu ileile. Vijana wenye akili kunishinda. Lakini hakuna aliyekuwa amekaliwa na mteja juu ya ndoo. Mteja angefikaje? Langoni kulikuwa na mlinzi, kitabu cha wageni na swali la "una miadi na nani?" Mama wa Kayole alikuja mara moja tu. Alibadilisha matatu mara mbili, akafika amechoka, akaandikwa kitabuni, na alipoondoka aliniambia kwa upole kwamba amepata fundi mwingine Luthuli.

Nami nikarudi Luthuli. Kibanda changu kilikuwa kimechukuliwa, nikaanza upya na gudwili mpya, ambayo nitaieleza hapa chini kwa uchungu wake.

Sitaki mseme nawadharau walioanzisha majengo ya namna hiyo. iHub, jengo la wabunifu wa teknolojia, ilipofunguliwa Machi 2010 kwenye ghorofa ya nne ya Bishop Magua Centre, Ngong Road, ilitokana na watu wa Ushahidi, ule mfumo wa ramani uliozaliwa Januari 2008 tulipokuwa tunauana baada ya uchaguzi na mtu akahitaji kujua wapi panachomeka. Walioujenga hawakukutanishwa na mpango wa mtu: walikuwa mwanasheria anayeandika mtandaoni, waandishi wa programu, na watu wenye mdomo wa kuuliza. Bishop Magua baadaye ilikuwa na Nailab na m:lab, vituo vingine vya wabunifu, chini ya paa lilelile. Mwaka 2019 iHub ilinunuliwa na CcHub, kituo cha wabunifu cha Nigeria. Jina la mji wetu lilivuma kutokana na lile jengo moja, na ninavyoona mimi ni kwa sababu mlango wake ulikuwa mwepesi.

Upper Hill, mtaa wa maofisi hapa Nairobi, ni hadithi ya mlango mzito. Benki na bima zimejaa pale, ghorofa juu ya ghorofa, kuna pesa na kuna akili. Niliwahi kupeleka mashine ya risiti iliyotengenezwa: kitambulisho kikabaki langoni, nikavaa beji, nikapanda lifti, nikakabidhi, nikashuka. Sikumwona hata mtu wa ghorofa ya chini yake. Saa 1 jioni barabara imebaki ya walinzi. Huo nao ni mkusanyiko wa huduma. Sijui watu wake wanaazimana nini.

Wala sisi si malaika. Kuna ghorofa kwenye mtaa wetu ina vibanda 40 vinavyouza kava na chaja zilezile kutoka kontena lilelile, na ushindani pekee uliobaki ni wa nani anapaza spika zaidi. Kukaa pamoja bila tofauti kunazaa hilo. Kuigana nako kupo. Kopo langu la kutenga hewa nililiweka mezani Januari. Machi nikaliona kibanda cha nne kutoka kwangu, bei nusu, kifuniko kimekosewa. Nililia? Nilikasirika siku mbili, kisha nikatengeneza dogo zaidi. Najua Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inaruhusu kusajili hata uboreshaji mdogo wa namna hiyo, si lazima uwe uvumbuzi mkubwa wa kupewa hataza, ile hati ya kulinda uvumbuzi. Kwa fundi ambaye akifunga kibanda asubuhi moja amekosa kodi, safari ya ofisi tatu ni anasa. Ndiyo maana mkitafuta uvumbuzi wetu kwenye madaftari ya serikali hamtaupata, na mtu atawaandikia ripoti kwamba Luthuli na River Road ni mahali pa kuuzia tu.

Moto ndio unaonitisha kuliko vyote. Soko la Gikomba linaungua, linajengwa, linaungua tena, na sisi tulio kwenye majengo tunajifanya hayatuhusu kwa kuwa tuna kuta. Jengo letu lina ngazi mbili. Ya pili imegeuzwa kibanda cha viatu. Nyaya za umeme zimeshuka darini kama mizizi ya mugumo. Mkija kutukagua kwa jambo hilo sitapiga kelele, nitawaonyesha njia.

Na gudwili. Kwa wasiojua: ni pesa unayompa mwenye kibanda, au mwenye jengo, au mtu anayejiita mwenye jengo, ili tu upewe nafasi ya kuanza kulipa kodi. Haina risiti. Hairudi. Unaweza kuilipa leo na baada ya miezi 6 uambiwe kibanda kimegawanywa. Anayeweza kuilipa ni muuza kava, ambaye bidhaa yake inazunguka kila siku. Mzee Pampu hawezi. Mchora mihuri wa ghorofa ya nne hakuweza, ameondoka mwaka jana. Hivyo soko lenyewe, bila kalamu yenu, linatupaka rangi moja polepole. Mkiwa mnatafuta mahali ambapo serikali inafaa kuingilia, ni hapo: mkataba wa kibanda uwe na karatasi, gudwili iandikwe na iwe na kiwango, na anayefukuzwa kabla ya muda arudishiwe.

Kuhusu kuhamisha. Kila baada ya miaka michache mtu anagundua kwamba katikati ya jiji kumejaa. Soko la Muthurwa lilifunguliwa mwaka 2008 ili wachuuzi watoke barabarani, na hadi leo wachuuzi wako barabarani, kwa kuwa mnunuzi hakuhamishwa pamoja nao. Desemba 2018 matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati; watu wakatembea, wazee na wenye mizigo kichwani, na marufuku ikasimamishwa ndani ya siku chache. Mtu anaweza kusema matatu si teknolojia. Kwangu mimi matatu ndiyo iliyomleta mama wa Kayole kwa nauli moja. Steji ikisogezwa kilomita mbili, bodi yake haifiki kwangu, inatupwa, na anaagiza nyingine mpya yenye kasoro ileile.

Konza, ule mji mpya wa teknolojia, sina ugomvi nao. Rais Kibaki aliweka msingi Januari 2013, ekari 5,000, kilomita 60 hivi kutoka hapa, na kuna kazi zinazotaka utulivu na umeme usiokatika, kama vituo vya kuhifadhi data. Ziende. Ninachoogopa ni mtu kusema "teknolojia ina mji wake kule" halafu sisi tukahesabiwa kama uchafu uliobaki.

Ninachoomba basi, mbali na gudwili na ngazi ya moto, ni hiki. Kabla ya kuchora, tumeni vijana wa vyuo wapande majengo yetu ghorofa kwa ghorofa, na wasiulize tu "unafanya biashara gani?" Waulize "unamwazima nani, na nani anakuletea kazi?" Mimi nina daftari la madeni. Mwezi uliopita limeandikwa majirani 19 wa kazi 11 tofauti: nani alinipa lehemu, nani nilimchajia betri, nani alinikatia kipande cha plastiki. Kila kibanda kina daftari kama hilo. Yakiunganishwa hayo mtapata ramani ambayo hakuna mshauri wa kutoka ng'ambo atawauzia.

Pili, mnapoidhinisha jengo jipya la vibanda, msikubali liwe la kazi moja, na msikubali liwe la kuuzia peke yake. Tengeni ghorofa ya mafundi yenye umeme wa kutosha na dirisha la kutoa moshi wa lehemu, kwa kodi ambayo fundi anaiweza. Na majengo yasifungwe saa 1 jioni. Yule kijana wa programu alikuwa anatoka darasani saa 12. Tulifanyia kazi ile kwenye mwanga wa simu, mlinzi akigongagonga funguo.

Tatu, mashine inayouza kwa kipimo lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri kisheria, na ni haki, wateja wa yule mama walistahili maziwa yao. Wekeni dawati la ukaguzi karibu nasi hata kama ni siku moja kwa wiki. Mashine moja ya maziwa haipakiwi kwenye boda. Dawati hilo likae ghorofa ileile na la kusajili uboreshaji mdogo. Mkaguzi akizoea kunywa chai na mafundi, naye atajua kasoro zinazokuja kabla hazijafika sokoni, na huenda akatuambia jambo ambalo yeye huliona la kawaida.

Mkija kututembelea, msije Jumamosi, hamtapata pa kukanyaga. Njooni siku ya kazi. Mimi sina kibao. Ulizeni Mzee Pampu, kila mtu anamjua, naye atawaelekeza ghorofa moja chini. Mashine ya majaribio iko kando ya mlango wangu na ina maziwa halisi. Lakini fikeni saa 11 jioni, tangi likiwa karibu kuisha, na mje na chupa yenye alama za mililita.

Wenu,
Fundi wa bodi, ghorofa ya pili
Mtaa wa Luthuli, Nairobi